Heko, Mheshimiwa wa Ukutani

Waungwana, nasimama kumsifu asiyesifiwa. Si waziri, si mkurugenzi, si mshauri aliyeshuka uwanja wa ndege wa Kanombe na begi la kompyuta. Ni Cash Power, mita ya umeme ya kulipia kabla, yule aliyepigiliwa ukutani karibu na mlango, mwenye taa nyekundu na vibonye vilivyofutika namba kwa kubonyezwa. Dar es Salaam wana LUKU, Kampala wana Yaka, nao wana sifa zao. Mimi ni mtu wa Kigali, namsifu wa kwetu.

Sifa yake ya kwanza ni kwamba hana mkubwa anayemjua. Hapokei simu, hapangi foleni ya siri, haulizi wewe ni mtoto wa nani. Yuniti zikikaribia kwisha anakuonya kwa mlio. Zikiisha anakata, hata kama ndiyo kwanza mmekaa kwenye futari. Unahangaika na simu, unalipa, unaletewa tarakimu 20, unaziingiza gizani kwa kidole kinachotetemeka, unakosea ya kumi na saba, unaanza upya. Naye kimya. Nani mwingine serikalini au kwenye makampuni ana subira hiyo?

Tena ni mwalimu wa hesabu. Twende mtaa wa Biryogo, kwenye ua wa wapangaji wenye vyumba sita na Cash Power moja. Katika bei zilizoanza Januari 2020, yuniti 15 za mwanzo za mwezi ziliuzwa faranga 89 kila moja. Kutoka hapo hadi 50, faranga 212. Zaidi ya 50, faranga 249, na VAT bado. Nia ilikuwa njema: anayewasha taa moja na kuchaji simu asiumizwe. Lakini Cash Power hahesabu watu, anahesabu yuniti. Vyumba sita vilizimaliza zile 15 kabla wiki haijaisha, na kuanzia hapo mama muuza sambusa alilipa bei ya mwenye jumba la ghorofa Nyarutarama. Maskini sita wakijumlishwa, mbele ya mita huwa tajiri mmoja. Tarehe mosi utasikia mabishano ya nani apige pasi kwanza, nani ana friji, nani ameacha redio ikiwaka. Ndiyo elimu ya uraia hiyo, na haina ada ya shule.

Ila kubwa kuliko zote ni kipaji chake cha kubeba lawama zisizo zake. Hapo inabidi turudi nyuma.

Mwaka 2003 serikali iliikabidhi Electrogaz, shirika lake la umeme na maji, kwa menejimenti ya kampuni ya Kijerumani, Lahmeyer International, kwa mkataba wa miaka mitano. Ndiyo yalikuwa mavazi ya msimu: Tanzania nayo ilikuwa imewaweka NetGroup Solutions wa Afrika Kusini juu ya TANESCO tangu 2002, na Uganda ikaipa kampuni ya Umeme usambazaji mwaka 2005. Kwetu, mwaka 2004 maziwa ya Burera na Ruhondo yakapungua, mitambo ya Ntaruka na Mukungwa ikaishiwa nguvu, majenereta ya dizeli yakakodiwa. Yuniti iliyokuwa faranga 42 ikafika 112 mwaka 2006.

Ikasemwa ni ukame. Kweli mvua zilipungua, lakini si mvua iliyochimba mifereji ya kukausha kinamasi cha Rugezi kinacholilisha ziwa Burera, wala si mvua iliyoamuru maji yavutwe kwenye mitambo kuliko yalivyokuwa yakiingia ziwani. Wala si mvua iliyoiacha bei kwenye 42 miaka nenda rudi bila kuweka akiba ya mtambo mwingine. Mwaka 2006 mkataba ukavunjwa, Wajerumani wakaenda zao. Bei haikuwasindikiza uwanja wa ndege, ilibaki nasi.

Siku hizi makampuni binafsi yamo kwenye kuzalisha: KivuWatt inachoma gesi ya Ziwa Kivu, wengine wana jua, wengine maporomoko madogo. Uliza kwa nini umeme ni ghali, uone watu wanavyopasiana mpira. Mzalishaji atakuonyesha mkataba. Msambazaji atakuonyesha gharama za mzalishaji. Mdhibiti atakuonyesha hesabu za msambazaji. Wizara itakuonyesha bei ya mafuta duniani. Hapa naweka mzaha kando kidogo: mkataba wa kununua umeme huo una saini ya upande wa umma, mnunuzi, EUCL, ni wa umma, na bei ya mwisho hutangazwa na RURA, yule mdhibiti, naye chombo cha umma. Mwekezaji kutafuta faida ndiyo kazi yake, hakujificha. Aliyepewa kazi ya kumbania ni mwingine. Nakiri kwamba nyumba zenye umeme zimeongezeka sana kuliko enzi za Electrogaz, na nyaya hazioti kama migomba. Hiyo ni sababu ya kutuonyesha hesabu, si ya kuzificha.

Waganda waliusubiri mkataba wa kampuni ya Umeme uishe, Machi 2025, ndipo usambazaji ukarudi kwa shirika la serikali, UEDCL. Hata kuagana hakukuwa na amani: serikali na kampuni waliachana wakivutana kuhusu fidia. Yaka yuko palepale ukutani, hakuombwa maoni.

Kwa hiyo napendekeza siku Kamati ya Hesabu za Umma itakapowaita tena wakubwa wa umeme bungeni, na Cash Power aitwe. Akae katikati yao, maikrofoni mbele. Aulizwe nani alipanga bei, nani aliisaini, nani aliisoma kabla ya kuisaini. Atanyamaza kama wenzake. Tofauti ni kwamba yeye, mtu akimtilia tarakimu 20, walau atawasha taa ya ukumbi.