Kambale wa Bibi Itifaki

Sabuni ya mche ikipotea nyumbani kwetu Ifakara, haulizwi mtoto wala mgeni. Naulizwa mimi. Wewe msomaji uliyeoa katika ukoo wenye sauti unanielewa, na huna haja ya kunipa pole.

Chanzo ni shemeji yangu, tunayemwita Injinia ingawa chuo cha uhandisi anakijua kwa geti tu. Huendesha boti katika kambi moja ya watalii wavuvi, na jioni moja alituhadithia mezani kwamba kule Ziwa Kariba, upande wa Zimbabwe, watu humnasa vundu kwa vipande vya sabuni ya kufulia, ile ya buluu. Habari hiyo ni ya kweli. Vundu ni kambale mkubwa, anaweza kufika mita moja na nusu na kilo 55, na karibu hakuna anachokikataa. Lakini tangu usiku ule mke wangu anahesabu miche. Watu wanamwita Mama Rehema. Mimi namwita Hazina, kwa maana hakuna shilingi inayotoka humu ndani bila kupita mkononi mwake.

Nami sivui kwa sabuni! Navua kwa manyoya. Injinia aliachiwa ufito wa kuvulia, namba 10, na mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao, mkewe akakataa kuuona ndani, ukahamia kwangu. Katika uvuvi huu kinachorushwa ni mshipi wenyewe. Ni mnene, una uzito, na uzito huo ndio unaobeba ndoana nyepesi iliyovishwa manyoya mpaka pale unapotaka itue. Kwa kambale unahitaji mshipi unaozama, kwa sababu bwana yule anakaa chini penye kina na hapandi juu kumfuata mtu.

Wageni wengi huja mito ya Mnyera na Ruhudji kwa ajili ya samaki mwingine, yule mwenye meno marefu ambaye mwaka 1986 wanasayansi walimpa jina la nchi yetu, Hydrocynus tanzaniae. Ni samaki hodari, anaruka, anapendeza pichani. Moyo wangu lakini uko kwa kambale. Huyu anaonja kwa mwili mzima. Sharubu zake, jozi nne, zinapapasa matope gizani, na hata umeme mdogo unaotoka katika miili ya viumbe wengine anauhisi. Sasa fikiria: unamtongoza kiumbe wa namna hiyo kwa kitu kisicho na harufu wala ladha. Inabidi uyafunge manyoya yawe manene na meusi, yasukume maji yanapovutwa, kisha uyapitishe polepole karibu kabisa na kinywa chake. Kwangu hiyo ni kazi ya heshima kuliko kutundika utumbo wa kuku na kulala.

Vifaa vya kufungia vinauzwa mbali na kwa bei ambayo Hazina hawezi hata kusomewa. Kwa hiyo vinatoka humu humu ndani. Nywele ndefu za kutengenezea mkia ni rasta za binti yetu Rehema, ambaye kwa jinsi anavyosuka nusu ya mtaa tunamwita Saluni. Zile nyeusi zenye zambarau kwa mbali zinacheza majini vizuri ajabu. Macho nayo yana historia yake. Bob Clouser, mtu wa Pennsylvania huko Marekani, katika miaka ya 1980 alianza kufunga macho ya risasi juu ya ndoana ili itangulize kichwa inapozama na ncha yake igeukie juu, isikwame kwenye magogo. Sisi hatuna macho ya risasi. Tuna mnyororo wa vishanga uliokuwa umeshika kizibo cha sinki la jikoni, na vishanga viwili viwili vyake vinatosha kabisa. Hazina sasa anaziba sinki kwa gunzi la muhindi, na kila akiliziba huimba wimbo wa kanisani kwa sauti ambayo si ya ibada.

Manyoya ya shingo ni ya jogoo. Na hapo ndipo anapoingia mama mkwe.

Mama mkwe wangu anaishi nasi, na nyumba imepata baraka kwa hilo. Nasema kwa moyo wangu wote. Ila ni mtu wa taratibu. Kikombe chake hakinywewi, kiti chake hakikaliwi, na salamu isiyotimia anairudisha kwa mwenyewe. Ndiyo maana wajukuu, nyuma ya mlango, wanamwita Bibi Itifaki. Ana jogoo mwekundu mwenye shingo ya dhahabu, jina lake Diwani, kwa sababu anapita kila ua na hafanyi kitu. Mimi nilikuwa nikiokota manyoya anayoyaangusha mwenyewe, basi. Kitinda mimba wetu, Kidudu, aliona baba anachelewa. Akamvizia Diwani asubuhi na kumnyofoa mkia.

Diwani aliingia jikoni, akapita juu ya sufuria la wali wa Ifakara uliokuwa ndiyo kwanza umepaliliwa makaa juu, akatokea sebuleni na majivu miguuni, akatua kwenye kitambaa cheupe alichokifuma Bibi mwenyewe. Saluni alikuwa anamsuka mteja. Mteja akakimbia na kichwa nusu. Kidudu alisimama katikati ya vurugu ile akinyoosha mkono uliojaa manyoya, uso unang'aa, akaniambia, "Baba, ya kambale haya!"

Kesi ilisikilizwa mchana. Bibi hakupaza sauti.

"Baba Rehema," alisema, "sina ugomvi. Ila samaki wa kwanza mkubwa atakayekamatwa kwa mkia wa Diwani ni wangu, na kichwa kisikatwe njiani."

Nilijibu, "Sawa, mama." Hakuna mkwe mwenye jibu lingine.

Kiangazi kilipokolea, maji yakawa maangavu, tukapanda treni ya TAZARA mimi na Injinia, tukashuka Mlimba na kuendelea kwa pikipiki hadi ukingoni mwa Mnyera. Mto huo na Ruhudji hulisha Kilombero, na Kilombero ikikutana na Luwegu ndiyo Rufiji. Bonde lote hilo liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, na ukilitazama jioni, na kwale wanaitana, unaona waliolitetea walikuwa na haki.

Kwa mtumbwi tulitafuta maji ya kina chini ya mti ulioanguka. Viboko walikuwa mbali. Injinia haachi kuwatazama, na kwa hilo namheshimu sana. Nilirusha juu ya mkondo, nikauacha mshipi uzame, nikavuta taratibu. Jua lilipogusa miti, mshipi ulisimama. Hakuna kishindo. Ulikuwa uzito tu, nao ukaanza kuondoka zake kuelekea kwenye mizizi. Injinia alirudisha mtumbwi katikati ya mto, mimi nikaukunja ufito mpaka mikono ikatetemeka, na kwa muda mrefu hakuna aliyepata kitu kati yangu na yule aliye chini. Alipokuja juu aligeuza ubavu, kichwa kipana, bapa, na mgongoni ana lile pezi la pili la nyama ambalo kambale wa kawaida hana. Vundu. Tulimpima humo humo majini kwa tepu ya cherehani ya Hazina: mita moja na ushee.

Injinia alinitazama. "Shemeji, unajua mama alisemaje."

Nilijua. Lakini samaki wa ukubwa ule amekula miaka mingi, na akiwa jike mayai yake ni mengi mno kuliko ya samaki mdogo. Sufuria linammaliza siku moja. Mto unamhitaji misimu na misimu. Nikachomoa ndoana kwa koleo, nikaepusha vidole na miiba ya mapezi ya kifuani, nikamshika dhidi ya mkondo mpaka akapata nguvu, akashuka. Ningefanya hivyo tena kesho.

Ahadi nayo ni ahadi. Tuliporudi Ifakara nilipitia sokoni, nikanunua kambale wa kawaida aliye hai, mnene, nikamweka kwenye beseni kubwa uani ili Bibi amkute mzima. Usiku ikanyesha mvua ya ghafla. Kambale anavuta hewa, na ardhi ikilowa hutembea kwa kujisukuma na miiba yake. Saa nane usiku tuliamshwa na Bibi akiita majina ya marehemu wote wa ukoo: mgeni yuko chini ya kitanda chake, anagonga ndoo. Hazina alishika tochi, Saluni alipanda juu ya meza, Kidudu akaingia chini kwa tumbo na kutoka amemkumbatia samaki, wote wawili weusi kwa tope.

Alipikwa kwa nazi. Bibi alipewa kichwa, akakila kimya mpaka mwisho, akanawa, ndipo akaomba simu ya Injinia aione picha ya yule vundu wa mtoni. Aliikuza kwa vidole, akaitazama sana.

"Huyu ana mapezi mawili mgongoni," alisema. "Aliyeliwa leo alikuwa na moja. Deni bado."

Nikamweleza habari ya mayai. Alisikiliza yote, kwa utaratibu, kisha akatoa uamuzi: huyo wa mapezi mawili arudishwe mtoni kila akipatikana, ila yeye mwenyewe awepo akirudishwa. Injinia ameagizwa atafute mtumbwi wenye kiti. Hazina amekwisha toa nauli ya TAZARA ya watu sita, bila kuulizwa, na Diwani ameanza kuota mkia.