Mhadhara Mkuu juu ya Hasi na Chanya katika Land Rover ya Nyanda za Juu za Kigoma

Elimu ya kugeuza ethi ya gari la kale ni elimu ya juu kuliko zote zinazoweza kufundishwa kati ya Kasulu na Kibondo, na sababu ya kutokuwapo chuo kinachoifundisha ni kwamba mtu pekee anayeimiliki kikamilifu, ambaye katika mhadhara huu atatajwa kwa unyenyekevu kama Mtaalamu, bado hajapata nafasi ya kukianzisha. Mtaalamu hajawahi kushika spana, na usafi wa mikono yake, unaoshinda ule wa daktari wa upasuaji, ni ushahidi tosha kwamba fikra zake hazijachafuliwa na vitendo.

Istilahi hutangulia. Ethi ni jina wanalolitumia mafundi kwa bodi na chasi ya gari pale zinapofanywa njia ya kurudishia umeme kwenye betri, ili kila taa ipelekewe waya mmoja badala ya nyaya mbili. Kwa kuwa neno hilo limetoholewa kutoka neno la Kiingereza lenye maana ya udongo, limewapotosha wanazuoni kadhaa, akiwamo Mtaalamu mwenyewe, ambaye toleo la kwanza la nadharia yake liliagiza nondo ichimbiwe katika udongo mwekundu wa Kasulu na kufungwa kwenye chasi, agizo lililofaa sana kwa gari lisilokusudia kwenda popote. Toleo la pili linakiri kwamba gari husimama juu ya mipira, na kwamba udongo hauhusiki.

Ikumbukwe kwamba katika miaka ya 1930 watengenezaji wa magari wa Uingereza walianza kufunga ncha chanya ya betri kwenye bodi, wakidai kwamba kutu ingepungua na cheche za plagi zingekuwa bora, na Land Rover, iliyoanza kutengenezwa Solihull mwaka 1948, ikaurithi mtindo huo pamoja na ukaidi wake. Ni mwaka 1967 tu ndipo Land Rover ya Series IIA ilipogeuzwa na kufungwa hasi kwenye bodi, na kwa kuwa mwaka huohuo ndio Tanzania ilipotangaza Azimio la Arusha, Mtaalamu anauona uhusiano wa wazi kati ya matukio hayo mawili, uhusiano ambao uthabiti wake unadhihirishwa na ukweli kwamba hakuna hati hata moja inayoutaja.

Kuhusu upande ambao umeme huelekea, Benjamin Franklin ndiye aliyetoa majina ya hasi na chanya katika karne ya 18, na J. J. Thomson alipoigundua elektroni mwaka 1897 ikabainika kwamba chembe hizo husafiri ndani ya waya kutoka hasi kwenda chanya, kinyume cha mishale ya vitabuni. Hali hiyo ni sawa na ramani inayoonyesha mto Malagarasi ukitoka Ziwa Tanganyika na kupanda milima ya mpaka wa Burundi, ramani ambayo wasomi wote wanajua kuwa imekosewa, lakini wanaendelea kuitumia kwa sababu imekwisha kuchapwa.

Haja ya kugeuza hutokana na mambo madogo yasiyolingana na hadhi ya mhadhara. Mwenye Land Rover 109 anayebeba maharage kwenda gulioni hutaka kuchaji simu, kusikiliza redio au kufunga altaneta, yaani mashine ya kisasa ya kuchaji betri, na vifaa hivyo vina dayodi, yaani vijilango vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, ambavyo vikiletewa umeme wa kinyume huungua kabla mwenye gari hajamaliza kushangaa.

Kazi yenyewe Mtaalamu ameigawa katika sura 14, ingawa mafundi huimaliza kabla ya dibaji kwisha. Betri hufunguliwa na kugeuzwa, na kwa kuwa ncha chanya ni nene kuliko hasi, tamino, yaani vibano vinavyozishika ncha hizo, hubadilishwa navyo, kwani vya zamani kimoja kitalegea na kingine kitagoma kuingia. Nyaya mbili ndogo za koili, yaani kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche, hubadilishana nafasi, ili cheche ya plagi iendelee kuruka kwa upande ulio rahisi, na hatua hiyo ya dakika mbili inaonyesha kwamba ubora wa cheche haukuwahi kuhitaji bodi iwe chanya. Nyaya za ameta, yaani kipimo cha chaji, hubadilishana pia, la sivyo mshale wake utatangaza hasara kila betri inapopata faida.

Kiini cha elimu kimo katika dinamo, mashine inayoendeshwa na mkanda wa feni ili kuzalisha umeme, ambayo chuma chake cha ndani hubaki na sumaku kidogo hata injini ikizimwa. Sumaku hiyo ndiyo mbegu ya umeme wa kesho, na ikiachwa na mwelekeo wa zamani, dinamo itazalisha umeme wa kinyume na kuiunguza katauti, yaani kisanduku kinachoongoza chaji. Kwa hiyo nyaya mbili za dinamo huchomolewa, na betri ikiwa imekwisha kufungwa hasi kwenye bodi, waya kutoka ncha chanya hugusishwa kwa sekunde moja au mbili kwenye kichwa kidogo chenye alama F, cheche huruka, na miongo mitatu ya fikra za Kiingereza hupinduka papo hapo.

Kuhusu stata, yaani mota inayowasha injini, Mtaalamu alitabiri kwamba ingezunguka kinyumenyume na kulirudisha gari miaka ya 1930. Stata haikutii, kwa sababu umeme ukigeuzwa, sumaku ya nje na ya ndani hugeuka pamoja na mzunguko hubaki uleule, kanuni inayojulikana kwa kila mtoto aliyefundishwa kwamba hasi mara hasi ni chanya. Taa na honi nazo hazikujali, zikionyesha dharau ileile.

Limebaki agizo moja ambalo, kwa bahati mbaya, Mtaalamu hakulibuni, bali hufuatwa na mafundi wasio na sura wala dibaji. Gari likishageuzwa, maneno ETHI HASI yaandikwe kwa rangi chini ya boneti, kwa maana betri itakapokufa njiani kati ya Kasulu na Kibondo, fundi atakayeifunga mpya hatakuwa amehudhuria mhadhara huu.