Kwarara Hakuna Baraza

Hakuna watu wanaoupenda Mji Mkongwe wa Zanzibar kama sisi tuliouhama. Ukitaka kusikia sifa zake usiende Kiponda wala Malindi, maana huko utawakuta watu wamekinga ndoo chini ya dari inayovuja. Njoo Fuoni, njoo Tomondo, njoo Kwarara ninakokaa mie. Huku kila mtu anauota Mji. Tumenunua viwanja, tumejenga, tumezungushia kuta, kisha jioni tunapanda daladala kurudi Forodhani tukanywe juisi ya miwa kwa bei ya watalii na kuambizana kwamba zamani palikuwa pazuri.

Mie nimelalamika nikiwa kule na ninalalamika nikiwa huku, kwa hiyo naona ninafaa kuwa hakimu.

Nyumba tuliyozaliwa ilikuwa ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake unene wa nusu mita, na juu boriti za mikoko. Sasa, boriti ya mkoko ina mwisho wake. Ikishafika kama mita tatu imekwisha, na chumba nacho kimekwisha hapo hapo. Urefu utaukata mwenyewe, lakini upana ameshakukatia mkoko. Fundi wa enzi za masultani hakuwaza kwamba siku moja vitazuka kitanda cha sita kwa sita na kabati la milango minne. Siku tuliponunua seti ya makochi, mahamali waliyapitisha vichochoroni kwa kelele na dua, wakafika kwenye ngazi, wakazitazama, wakaomba malipo yao. Ngazi za Mji zimejengwa kwa ajili ya mtu mmoja mwembamba asiyebeba kitu. Makochi yakabaki chini kwa jirani, naye akayakalia hadi tukaona haya kumwambia ni yetu.

Na majirani wenyewe! Wa dirisha la pili akikaanga vitunguu, sisi ndio tunaokohoa. Ukigombana na mkeo usiku, asubuhi baraza zima limeshatoa hukumu, na aghalabu umeshindwa wewe.

Kisha kuna urithi. Tangu mwaka 1985 Mji una Mamlaka yake ya uhifadhi, na mwaka 2000 UNESCO ikautia katika orodha ya urithi wa dunia. Heshima kubwa, alhamdulillahi. Ila dirisha likioza huwezi tena kumwita fundi akakuwekea la alumini ukalala. Kuna kibali, kuna aina ya mbao, kuna afisa wa kuja kutazama. Nilinung'unika sana, lakini kwenye kukataza saruji nawapa Mamlaka haki yao. Chokaa inapumua, saruji haipumui. Ukiupiga ukuta wa zamani plasta ya saruji, maji yanafungika ndani, ukuta unaoza kimyakimya, na masika moja unashuka wote. Beit el Ajaib yenyewe, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 ikiwa mikononi mwa mafundi. Ikiwa jumba la sultani limetushinda, itakuwaje nyumba ya marehemu babu, yenye warithi ambao kila mmoja ana haki ya kuuza na hakuna hata mmoja mwenye wajibu wa kupaka chokaa?

Basi tukahamia shamba. Wenyewe hawapendi ukiita shamba, siku hizi ni mjini. Miembe tumeikata, minazi tumeikata, tukapandisha matofali na bati, na sasa saa nane mchana tunashangaa kwa nini ndani kunachemka. Wale wazee wa Mji walizibananisha nyumba makusudi. Kichochoro chembamba jua linakichungulia adhuhuri tu, halafu linaondoka zake, nawe unatembea kivulini kutoka Sokomuhogo mpaka Mkunazini. Huku tumeacha barabara pana kwa ajili ya gari, na wengi wetu gari hatuna. Tunatembea juani katikati ya nafasi tuliyoiachia gari la mtu mwingine.

Hata hizo barabara ni kwa bahati. Kiwanja huku huuzwa kwanza, ramani hufuata. Njia unaweza kuifuata vizuri kabisa, ikapinda, ikapinda tena, ikakufikisha jikoni kwa watu. Kumwelekeza mgeni ni mtihani: "Shuka kituoni, pita skuli, halafu uliza palipokuwa na mwembe." Mwembe wenyewe ulishakatwa, lakini kila mtu anajua ulipokuwa.

Kusema kweli, Mzee Karume, rais wetu wa kwanza, katika hili la kuchora kabla ya kujenga alitupita. Ng'ambo, mitaa ya upande wa pili, ilikuwa ng'ambo kweli, kulikuwa na mkono wa bahari kati yake na Mji hadi ulipofukiwa. Yeye mwaka 1968 akawa na mpango wa mji uliochorwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, na huko Ng'ambo, Michenzani, yakajengwa majumba yaliyotanda karibu mita 300 kutoka ncha hadi ncha. Mnaweza kuyacheka yanavyofanana, na mie nimeyacheka. Lakini pale mchoro ulitangulia, watu wakafuata. Kwarara wametangulia watu, na mchoro unakuja nyuma ukiwa na kopo la rangi nyekundu la kupigia X ukutani.

Jambo linaloniuma zaidi, hata hivyo, ni kuta. Kila nyumba ina ukuta, kila ukuta una vipande vya chupa juu, na geti limefungwa. Jirani yangu wa kulia namjua kwa honi. Wa kushoto namjua kwa mashine yake ya maji, inayonguruma alfajiri. Msiba ukitokea nyumba ya tatu, habari naipata kwenye kundi la WhatsApp kutoka kwa mtu aliyeko Dubai.

Nikichoka narudi Mji kutafuta baraza la kukalia. Ehee! Mtaa niliozaliwa sasa ni hoteli. Mapinduzi yalipopita mwaka 1964, majumba ya matajiri walioondoka yaligawiwa watu, familia moja chumba kimoja, na watoto tukajaa kama dagaa. Leo vyumba vile vile hukodishwa kwa dola, na kitandani wanatawanya maua. Baraza la mlangoni limewekwa vyungu vya miti. Nilisogeza kimoja, nikaketi. Mlinzi akaja kwa adabu: "Shekhe, unamsubiri mgeni?" Nikamwambia hapana, mie ndiye mwenyeji. Akanitazama kwa huruma. Mtalii mmoja akanipiga picha, nadhani alidhani nimo katika urithi wa dunia.

Nilipofika nyumbani nikamsimulia bi mkubwa, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. Alikuwa anaanika nguo uani, kwenye kamba ndefu ambayo Mji asingeipata. Akaniambia, "Nyie mliokuwa mkikaa barazani ndio mnaoukumbuka Mji. Mie nakumbuka ngazi." Alizipanda na ndoo za maji kila maji yalipokatika, ghorofa tatu, akiwa mja mzito. Sikuwa na la kujibu, nikaenda kufungua geti ingawa hakukuwa na mtu anayebisha.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kwarara inashinda kwa ua, kwa hewa ya usiku, na kwa makochi, ambayo sasa yameingia mlangoni bila dua. Mji unashinda kwa kivuli na kwa baraza. Kivuli kitachukua miaka kurudi, ila baraza ni matofali machache tu, yule yule fundi wa ukuta analimaliza kabla ya magharibi. Nawe unayejenga huku sasa hivi, kabla hujaagiza chupa za kuvunjia juu ya ukuta wako, mwambie fundi ajenge baraza upande wa nje, chini ya mti ambao hujaukata. Liwe pana, maana bi mkubwa amesema safari hii na yeye atakaa.