Namna ya Kununua Dawa ya Kichwa Rangwe Bila Mfuko Kuumwa

Kwanza sahau tangazo la redio. Yule anayemeza tembe moja na papo hapo kuanza kucheza hakulipia tembe ile, wewe utalipa.

Ukifika duka la dawa, salimia watu, kisha usiseme, "Daktari, nipe Panadol." Ukitaja jina utalipia jina. Sema, "Daktari, naomba parasetamoli ya miligramu 500, ile ya bei ya chini." Sema kwa sauti, hata kama jirani yako amesimama nyuma. Dawa hii ilitengenezwa maabarani mwaka 1878 na leo haina mwenyewe. Panadol ya kawaida ina miligramu 500 za parasetamoli, na tembe nyeupe ya kampuni usiyoijua, ikiwa imesajiliwa, ina zizo hizo. Rangi ya boksi haishushi homa.

Sasa piga hesabu kwa tembe. Tuseme pakiti ya tembe 10 ni shilingi 50 na ya tembe 24 ni shilingi 72. Ya pili inatisha, ila tembe yake ni shilingi 3; ya kwanza ni 5.

Geuza boksi usome maandishi yale madogo, hata foleni ikinung'unika. Panadol Extra imeongezwa miligramu 65 za kafeini, na chai kali pia ina kafeini. Dawa nyingine za kichwa zimechanganywa na aspirini: mwenye vidonda vya tumbo aziache, na mtoto asipewe. Usimeze majina mawili ya parasetamoli kwa pamoja ukidhani ni dawa mbili. Mtu mzima asipite tembe 8 za miligramu 500 kwa siku. Zaidi ya hapo ini linaweza kuharibika.

Ukihesabiwa tembe kutoka kwenye kopo, omba kuona kopo lenyewe na tarehe ya mwisho wa matumizi. Tafuta ukutani leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu. Pasipo leseni, ondoka, hata kama dawa ni ya bure.

Lakini kichwa kikija na joto na kutetemeka, usinunue chochote kwanza. Rangwe iko Homa Bay, na huku malaria ipo mwaka mzima. Parasetamoli itashusha joto na kuwaachia vimelea damu yako. Mtoto ndiye wa kukimbizwa zaidi: mpeleke hospitali ya Rangwe atobolewe kidole apimwe malaria. Majibu hutoka kwa dakika kama 20.