Pauni 450 kwa Picha

Desemba 2013, Krismasi ikiwa inabisha hodi, kijana wa miaka 19 wa mjini Nottingham, Uingereza, alikuwa mbioni kumtafutia mwanawe zawadi. Xbox One ilikuwa imetoka mwezi uliotangulia na madukani ilikuwa adimu. Akaingia eBay, tovuti ya mnada, akaliona tangazo, akalipa pauni 450. Kifurushi kikafika. Ndani mlikuwa na picha ya Xbox One.

Utamu wa kisa hiki ni kwamba tangazo halikudanganya. Liliandika waziwazi kwamba kinachouzwa ni picha. Kijana mwenyewe alikiri kuliona neno hilo, ila tangazo lilikuwa limewekwa kwenye kundi la mashine za michezo, lina jina la Xbox na bei ya Xbox, basi akaona haiwezekani mtu akauza picha kwa pesa zote hizo. Alirudishiwa hela yake, kwa hiyo kucheka si dhambi.

Kwenye mnada wa mifugo wa Pugu, viungani mwa Dar es Salaam, mnunuzi humzunguka ng'ombe, akamshika nundu, akamkagua miguu, kisha akamponda kwa sauti ili mwenye mali ashushe bei. Mnada wa mtandaoni humnyang'anya mtu mikono. Anabaki na picha, maneno ya mtu asiyemjua, na tamaa yake mwenyewe. Ukizifuatilia kesi za walioingizwa mjini kwa njia hii utaona kwamba mara nyingi hiyo ya tatu ndiyo iliyofanya kazi kubwa, na mgeni wa watu alisukuma tu kidogo.

Hata eBay yenyewe ilizaliwa na kitu kibovu. Mwaka 1995 mtaalamu wa programu Pierre Omidyar, aliyezaliwa Paris kwa wazazi wa Kiirani na kukulia Marekani, alianzisha tovuti aliyoiita AuctionWeb. Katika vitu vya mwanzo kabisa kuuzwa humo kilikuwemo kijitochi cha leza ambacho kilikuwa hakiwaki. Kilinunuliwa kwa dola 14.83. Omidyar akapata wasiwasi, akamwandikia mnunuzi kumuuliza kama alielewa kwamba ni kibovu. Akajibiwa kwamba ameelewa vizuri sana, kwani yeye hukusanya vijitochi vya leza vibovu.

Kwa miaka kadhaa lakini magazeti yalisimulia hadithi nyingine, tamu zaidi: kwamba Omidyar alitengeneza tovuti ile kwa ajili ya mchumba wake, aliyekuwa akikusanya vijidude vya kutolea pipi za PEZ na kukosa watu wa kubadilishana nao. Mwaka 2002 kitabu cha Adam Cohen kikafichua kwamba hadithi hiyo ilitungwa na ofisa uhusiano wa kampuni, baada ya kuona waandishi hawana hamu na habari za kijana anayetaka soko huru lisilo na upendeleo. Yaani kampuni inayoishi kwa maelezo ya bidhaa nayo iliyatia chumvi maelezo yake yenyewe.

Omidyar aliamini kwamba watu wengi ni wema. Wema wale wale wakaanza kumjazia malalamiko, naye hakutaka kuwa hakimu wa vikombe vilivyovunjika njiani. Februari 1996 akafungua mahali pa kusifiana na kulaumiana hadharani. Hapo ndipo mgeni alipopata sifa, na sifa ikapata bei. Watafiti walioongozwa na Paul Resnick walimtumia muuzaji mmoja wa postikadi za kale, wakamfanya auze kadi zinazolingana, nyingine kwa jina lake lililojulikana, nyingine kwa majina mapya yasiyo na historia. Wanunuzi walikuwa tayari kulipa takribani asilimia 8 zaidi kwa lile jina kongwe. Mtu ni yule yule na kadi ni zile zile.

Mfumo huo nao ulikuwa na vituko vyake. Mwanzoni muuzaji naye alikuwa na haki ya kumpa mnunuzi alama mbaya, hivyo aliyeletewa birika lisilo na kifuniko alimeza machungu yake na kuandika sifa, asije akalipiziwa kisasi. Ukisoma sifa za wakati ule ungedhani sokoni wamejaa malaika watupu. Mwaka 2008 eBay ikawaondolea wauzaji haki hiyo, nao wakapiga kelele kwamba sasa wameachwa uchi mbele ya wanunuzi wakorofi. Walikuwa na hoja. Mnunuzi naye ni mgeni, na wapo wanaorudisha tofali ndani ya boksi la simu.

Kuhusu vilivyowahi kunadiwa, orodha ni ndefu na akili inachoka upesi. Mwaka 1999 mtu alitangaza figo ya binadamu, na dau likapanda hadi dola milioni 5.7 kabla tangazo halijafutwa. Mwaka 2004 kipande cha mkate wa jibini, ambacho mwenyewe alidai kinaonyesha sura ya Bikira Maria na kwamba amekitunza miaka 10, kilichukuliwa na kampuni ya kamari kwa dola 28,000. Mwaka 2006 Mwaustralia mmoja aliinadi New Zealand nzima kuanzia senti 1, na dau lilifika dola 3,000 za Australia kabla eBay haijaingilia kati. Miaka 2 baadaye dada wawili wa Virginia walipata dola 1,350 kwa punje moja ya konflekisi yenye umbo la jimbo la Illinois. Tangazo lao la kwanza lilifutwa kwa sababu ya masharti ya kuuza chakula, wakabuni njia: wakauza kuponi ambayo mshindi angeibadilisha kwa konflekisi.

Kisa kinachofaa kukaliwa kitako, hata hivyo, ni cha chupa ya bia.

Mwaka 1852 Waingereza walipeleka meli katika bahari ya barafu ya kaskazini, chini ya Edward Belcher, kumtafuta mvumbuzi John Franklin aliyepotea huko na watu wake. Kwa safari hiyo ilipikwa bia kali isiyoganda upesi, Allsopp's Arctic Ale. Mwaka 2007 muuzaji mmoja alipata chupa yake, bado imejaa, akaiweka eBay kwa dola 299. Alikosea herufi moja: aliandika "Allsop's", p moja badala ya mbili. Wapenzi wa bia za kale walikuwa wakitafuta kwa p mbili, na mtambo wa kutafutia hauna huruma. Wakaja wazabuni wawili tu, na chupa ikaondoka kwa dola 304.

Aliyeinunua akaiweka tena sokoni, safari hii kwa tahajia sahihi na historia yote ya safari ya Belcher. Madau yakamiminika, zaidi ya 150, hadi yakafika dola 503,300. Unaweza kumwaza yule muuzaji wa kwanza akiisoma habari hiyo. Ila asubiri kidogo kabla ya kujipiga kofi, maana ilibainika kwamba dau la mwisho lilikuwa la mzaha, na aliyelitoa hakulipa. Nusu milioni ikayeyuka. Mnunuzi hodari wa mtandaoni, hata hivyo, amejifunza kitu hapo, na wapo hadi leo wanaotafuta mali kwa makusudi kwa kukosea herufi.

Bei halisi ya chupa ile nani anaijua? Suala hilo liliwahi kuwaumiza vichwa wahandisi watatu wa mafuta wa Marekani, Capen, Clapp na Campbell. Mwaka 1971 waliandika kuhusu kampuni zilizoshindania vitalu katika Ghuba ya Meksiko na kujikuta zikipata faida ndogo kuliko zilivyotarajia. Kila kampuni hukadiria mafuta yaliyoko chini. Wengine hukadiria pungufu, wengine hupitiliza. Anayeshinda mnada ni yule aliyepitiliza kuliko wote. Mtu aliyeshinda mnada wa kamera kuukuu saa sita za usiku, akaruka kitandani kwa furaha, hajajiuliza kwa nini wenzake wote walionyamaza walinyamaza.

Nao muda wa mwisho ndio wenye moto. eBay hufunga mnada kwa saa iliyopangwa, kwa hiyo wajanja hulala kimya siku zote saba, kisha hupiga dau sekunde chache kabla ya kengele, na zipo programu za kufanya kazi hiyo mtu akiwa usingizini. Alvin Roth na Axel Ockenfels walilinganisha tabia hiyo na minada ya Amazon, ambayo wakati huo ilijiongeza muda kila dau jipya lilipoingia mwishoni. Huko Amazon kuvizia kulikuwa kuchache sana. Kanuni ya saa peke yake iligeuza watu kuwa wawindaji.

Sasa changanya moto huo na tamaa. Mei 2000 wakili wa California, Kenneth Walton, aliweka eBay mchoro aliosema ameupata katika mauzo ya vitu vya nyumbani huko Berkeley. Alijifanya mtu asiyejua lolote kuhusu sanaa, akaomba radhi kwamba mwanawe aliutoboa kwa baiskeli ya kuchezea. Hakutaja jina la mchoraji. Pembeni ya picha zilionekana herufi "RD" na namba 52, basi. Wenye macho wakaona wenyewe: mchoraji mashuhuri Richard Diebenkorn, 1952! Kila mmoja akadhani amemkuta mshamba amekalia almasi, na akakaa kimya asimshtue. Dau lilianza senti 25, likaishia dola 135,805. Herufi zile alizitia Walton mwenyewe, na yeye na wenzake walikuwa wakipandisha madau kwa majina ya bandia. Alikiri kosa mahakamani, akapoteza uwakili, halafu akaandika kitabu kuhusu mkasa huo. Kwa wanunuzi wale huruma inakuja kwa tabu, maana nao walikuwa wamekwenda kumpiga mtu changa la macho.

Afrika Mashariki mnada wa mtandaoni una sura moja kubwa kuliko zote, nayo ina magurudumu manne. Tanzania, Kenya na Uganda huendesha upande wa kushoto kama Japani, kwa hiyo magari yaliyotumika huko hushuka Dar es Salaam na Mombasa, na mengi yamepitia kwenye kumbi za mnada kama za kampuni ya USS, ambako gari hunadiwa kwa vitufe na kuuzwa ndani ya sekunde chache. Mtu wa Tabata, Dar es Salaam, haruhusiwi kuingia humo. Wanachama ni wafanyabiashara wenye leseni, hivyo anamtuma wakala asiyemjua amnunulie gari asilolijua kutoka kwa mwenyewe ambaye hatamjua kamwe.

Kinachomwokoa ni karatasi moja. Mkaguzi wa ukumbi hulizunguka gari kabla ya mnada na kujaza taarifa yake, yenye mchoro wa gari lililobanjuliwa na kulazwa kama ng'onda. Juu ya kila ubavu zimetapakaa herufi: A ni mkwaruzo, U ni mahali palipobonyea, W ni bati lililonyooshwa likabaki na wimbi, S ni kutu, XX ni kipande kilichokwisha kubadilishwa, na tarakimu hueleza ukubwa wa doa. Juu huandikwa gredi. Gari la 4.5 ni la kuvutia, la 3.5 limeishi maisha, na likiandikwa R lilipata ajali likatengenezwa. Pembeni kuna maandishi ya mkono kwa Kijapani, na humo mkaguzi hueleza bila soni kwamba kiti cha dereva kimeungua kwa sigara.

Ukweli wa namna hiyo humchanganya mtu aliyezoea dalali wa mjini, ambaye kwake kila gari liliendeshwa na mwanamke, kanisani na kurudi. Mnunuzi anaona A1 tano na U moja, anashtuka, analiacha gari zuri kabisa. Wiki inayofuata anapelekewa na mtu mwingine picha zinazong'aa zisizo na karatasi yoyote, roho yake inatulia, anatuma pesa. Kumbe tovuti ni ya kanyaboya, imenakili kurasa za kampuni halali hadi nembo. Chama cha wauza magari wa Japani, JUMVEA, kina orodha ya wanachama wake na huduma ya kushikilia malipo mpaka gari lipakiwe melini, lakini huduma hiyo inatafutwa na mwenye shaka, na mtu aliyependa hana shaka.

Aliyefanya kila kitu sawasawa naye ana majeraha yake. Bei ya mnada ilimpendeza, akasahau nauli ya meli na bima. Akasahau kwamba Tanzania ushuru wa forodha wa gari dogo ni asilimia 25, kisha VAT ya asilimia 18 hupigwa juu ya thamani iliyokwisha kubeba ushuru, na kwamba gari lililozidi miaka 8 huongezewa tozo ya uchakavu. Kikokotoo kiko wazi kwenye tovuti ya mamlaka ya mapato, TRA, na wengi hukifungua meli ikiwa tayari iko Bahari ya Hindi.

Mwishowe gari linatoka bandarini, na lote liko kama karatasi ilivyosema, mikwaruzo yote mahali pake. Mwenye gari anawasha. Sauti ya dada wa Kijapani inamweleza jambo kwa adabu nyingi, na italirudia kila asubuhi: kadi ya kulipia barabara haijawekwa. Ramani kwenye kioo haiijui barabara yoyote ya Dar. Anawasha redio asikilize mpira, na redio inagoma kupita 90, maana masafa ya FM ya Japani yalianzia 76 na kuishia hapo, ilhali stesheni nyingi za huku ziko juu yake. Hayo mkaguzi hakuyaandika, kwa kuwa kwake si kasoro. Fundi redio ana kijidude cha kupanua masafa, na bei yake haina mnada.