Mjumbe Vuguvugu

Naomba ieleweke mapema kwamba sikugombea. Nilichaguliwa kuwa mjumbe wa Kamati ya Misheni na Uinjilisti kwa sababu moja tu: siku ya uchaguzi sikwenda. Wanaosali usharika wowote wa Kilutheri hapa Dar es Salaam wanaijua kanuni hii, ingawa haimo kwenye katiba. Aliyepo ana mdomo wa kukataa; asiyekuwepo ana sifa zote. Nikapigiwa simu na mzee wa kanisa: "Hongera sana mzee mwenzangu, Bwana amekuona." Bwana aliniona niko sebuleni na singlendi, bakuli la karanga tumboni.

Mimi si mpagani, nisieleweke vibaya. Nimebatizwa, nina kipaimara, nina namba ya bahasha ya sadaka. Nasali ibada ya kwanza, si kwa bidii, ila kwa kuwa inawahi kuisha na maegesho bado yana nafasi. Nakaa nyuma, upande wa mlango, chini ya feni. Wimbo wa kutoka ukifika ubeti wa pili, mimi nimeshawasha gari. Kwa miaka kumi na tano mpango huu haukunisumbua mimi wala, nilivyodhani, kumsumbua Mungu.

Mambo yangeendelea hivyo kama mwinjilisti wa mtaa wetu mpya asingepewa mimbari Jumapili moja. Mtaa wenyewe, yaani tawi la usharika, uko kule Dar es Salaam inakoishia na Kisarawe inakoanzia, na yeye huja kwa pikipiki, kwa hiyo alisimama mbele yetu ana vumbi hadi kwenye nyusi. Akafungua Ufunuo sura ya 3, barua kwa kanisa la Laodikia, lile ambalo Bwana anataka kulitapika kwa kuwa ni vuguvugu, si moto wala baridi. Nikajiweka sawa nisikie walevi na wazinzi wakisemwa, maana mahubiri hayo huwa nayafurahia, sitajwi. Hakuwagusa. Alisema wanaomchefua Bwana pale ni watu wa heshima, wenye bahasha.

Nilirudi nyumbani nikafukua vitabu nikimtafutia kosa. Sikulipata, nikapata mabaya zaidi. Laodikia, ambayo magofu yake yako Uturuki karibu na mji wa Denizli, lilikuwa jiji la wenye fedha, wauza sufu nyeusi na waganga waliosifika kwa dawa ya macho. Tetemeko la mwaka 60 lilipowabomolea, walijijenga upya kwa mali yao bila kuipigia Roma magoti. Watu wa namna hiyo nawajua, tunakaa nao mtaa mmoja, kila nyumba na kisima chake na jenereta lake. Walichokosa watu wa Laodikia ni maji mazuri. Majirani zao wa Hierapoli walikuwa na chemchemi za moto, watu wakienda kuoga wapone viungo. Wa Kolosai walikuwa na maji baridi ya mlimani. Ya Laodikia yalisafirishwa kwenye mabomba ya mawe, na ukienda leo mabomba hayo utayakuta yameziba kwa chokaa.

Basi maji ya moto yana kazi, na ya baridi yana kazi. Yale ya katikati nimewahi kuyanywa kwenye basi la kwenda Bukoba, chupa imekaa juani tangu Morogoro. Nilipofika Singida nilikuwa nimeshamwelewa Bwana vizuri sana.

(Wahubiri wengine wakitaka kutusema sisi vuguvugu hukimbilia mfano wa mashabiki wa Simba na Yanga. Mfano huo umechakaa. Mimi hata mpira naangalia huku nasinzia.)

Kikao cha kwanza cha kamati kiliitishwa saa kumi na moja jioni, kikaanza saa kumi na mbili na robo. Katibu wetu ni mwalimu mstaafu wa historia, na hawezi kufungua ajenda bila kupitia Rabai, kile kituo cha wamisionari karibu na Mombasa. Akatukumbusha mmisionari Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844, na mwezi Julai mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga, yeye mwenyewe akiwa hoi kwa homa. Mtu wa kawaida angetafuta meli ya kurudi kwao. Krapf akabaki, akaendelea kujifunza Kiswahili na kutafsiri Maandiko. Akatukumbusha na mmisionari mwenzake Rebmann, aliyeungana naye Rabai mwaka 1846. Ndiye yule aliyeiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, akaandika, wasomi wa Ulaya wakamcheka. Alikaa huku hadi mwaka 1875, waumini wake wakiwa wachache mno, akarudi kwao akiwa haoni, ameshikwa mkono, na mwaka uliofuata akafa.

Katibu alipomaliza kulikuwa kimya. Nilitazama dirishani. Wiki ile nilikuwa nimekosa jumuiya kwa sababu ya manyunyu, na jumuiya yenyewe iko nyumba ya tatu kutoka kwangu.

"Tunamshukuru Katibu kwa neno zuri," akasema Mwenyekiti. "Sasa twende kwenye fulana za mwezi wa misheni."

Tulijadili fulana kwa dakika hamsini. Wapo waliotaka za kola, kwa hoja kwamba injili ina heshima yake, na wapo waliosema za shingo ya mviringo zinapitisha hewa. Kola ikashinda. Bajeti yote ilikuwa shilingi 1,200,000. Fulana zikachukua 450,000, nauli za wajumbe 300,000, chai na vitafunwa 180,000, bango la kutangaza mwezi wa misheni 120,000, na 150,000 zikawekwa kwenye dharura. Mimi nilichangia hoja moja tu, kwamba kwenye vitafunwa sambusa ziwe za nyama. Ikaungwa mkono na wengi. Nakiri ilinipa raha.

Mwinjilisti alikuwa amealikwa. Alikaa kwenye benchi karibu na mlango, kofia ya pikipiki magotini. Tulipofika mengineyo akainua mkono.

"Bwana Yesu asifiwe, wazee wangu."

"Amina."

"Mimi naulizia tu lile tairi la nyuma. Limebaki waya. Juzi nimesukuma kutoka kwenye mazishi mpaka nyumbani."

Tairi lilikuwa shilingi 65,000. Mwenyekiti akamjibu kwa upole sana kwamba jambo limepokelewa na litaangaliwa kwenye salio. Mtu mmoja akauliza kama halifai kuingia kwenye dharura. Akaelimishwa kwamba dharura ni kwa ajili ya mambo yasiyotarajiwa, na tairi hili limetarajiwa tangu mwezi wa pili.

Katibu akaliweka suala hilo kwenye kundi la wasapu la usharika, watu 212. Ujumbe mzuri, una aya kutoka Warumi na namba ya kutumia pesa. Majibu yakaja kama mvua ya masika. Nimeyahesabu kwa kuwa ni kazi ya kamati: "Amina" arobaini na sita, mikono ya maombi isiyo na idadi, na mmoja aliyeuliza kama kuna anayemjua fundi mzuri wa jokofu. Fundi wa jokofu alipatikana ndani ya dakika nne. Mimi niliandika "Amina" kwa herufi kubwa.

Baada ya wiki mbili kamati ikanituma kwenda kukagua mtaa. Nilisema nina mgeni. Wakasema niende naye.

Kanisa la mtaa ni mkorosho. Chini yake kuna mbao zimewekwa juu ya matofali, na meza moja yenye kitambaa cheupe kilichopigwa pasi kuliko shati langu. Nilifika saa tatu nikitegemea kuondoka saa tano. Saa sita na nusu bado walikuwa kwenye ushuhuda. Hawa watu wana tabia moja inayoudhi: hawatazami saa. Mama mmoja muuza vitumbua, ambaye huamka saa tisa usiku kukaanga, alisimama kushukuru kwamba jiko lake la mkaa halijapasuka, na wote wakapiga makofi kama amezaa mapacha. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipomshukuru Mungu kwa kitu kinachotajika jina. Huwa nashukuru kwa "yote", nikawahi gari.

Ukafika mnada wa sadaka. Likaletwa yai moja. Mzee akaanza na mia tano, mtu akalinunua, akalirudisha mezani. Likanunuliwa tena, likarudishwa. Yai lilizunguka mkorosho ule mara nane. Mimi, nikiona mgeni wa kamati hawezi kukaa kimya, nikapaza sauti: elfu mbili! Nikapewa. Nikalitia mfuko wa koti.

Pakawa kimya. Watoto walinitazama kwa mshangao wa kweli. Mwinjilisti akaninong'oneza, "Mzee, huwa tunalirudisha." Lakini mzee wa mnada alishaona aibu kwa niaba yangu, akaita mkungu wa ndizi.

Nikiwa njiani kurudi, kwenye shimo la tatu, yai likapasukia mfukoni. Hapo ndipo nilipomkumbuka bibi yangu. Bibi alikuwa mtu wa Uamsho, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda ukaingia kwetu Buhaya. Ndugu hao wakikutana njiani walisalimiana kwa kuimba wimbo wao wa Tukutendereza, hata kama mmoja ana mzigo kichwani. Walikuwa wakiungama mbele za watu, tena kwa kutaja. Siku moja bibi alisimama kanisani akasema kwamba yai aliloliuza Jumanne lilikuwa la kuku wa jirani aliyekuja kutagia jikoni kwake, na alilijua. Jirani mwenyewe alikuwepo. Bibi akatoa yai mkononi akampelekea pale pale alipokaa. Babu, mtu wa kujiheshimu kama Mhaya yeyote, hakutoka nyumbani wiki nzima.

Nilipokuwa mdogo niliona kile ni kichaa. Sisi siku hizi tunaungama kwa jumla jumla, kama mzigo wa Kariakoo, wote kwa pamoja na kwa mwendo wa kusoma, na hakuna anayepoteza hata yai.

Mama watoto alipolikuta lile koti alinuna. "Umeenda kwenye misheni au sokoni?" Nikamweleza yote, hadi habari ya tairi. Akauliza swali ambalo kwenye kikao hakuna aliyeliuliza: "Kwani wewe elfu sitini na tano huna?" Nikamwambia aelewe kuwa mambo ya kanisa yana vikao vyake. Akanimiminia chai. Ilikuwa imeshapoa, si ya moto si ya baridi, nikainywa hivyo hivyo bila kulalamika, jambo ambalo si kawaida yangu.

Jumatatu mwinjilisti alipita mbele ya ofisi ya usharika na tairi jipya, lile la kung'aa lenye vinyweleo vya mpira pembeni. Katibu akamsimamisha. Kumbe amenunuliwa na yule mama wa vitumbua, aliyekusanya kwa siku kumi na moja, hana fulana, na si mjumbe wa kamati yoyote.

Tukaitwa kikao cha dharura. Mwenyekiti alisema jambo lenyewe ni jema, ila utaratibu haukufuatwa, na sasa kuna tairi lisilo na muhtasari. Tumekubaliana aandikiwe mama barua ya shukrani yenye kumkumbusha kupitia kamati siku nyingine. Rasimu nimepewa mimi. Inatakiwa Alhamisi saa kumi na moja, na sambusa zitakuwa za nyama.