Muhtasari Kamili wa Fahamu ya Binadamu, kwa Mujibu wa Bingwa wa Malvern

Fahamu ya binadamu ni kile kinachobaki ndani ya mtu baada ya daktari kumaliza kupima vyote vinavyopimika: uchungu wa jino, utamu wa embe, baridi ya alfajiri. Huchunguzwa kwa njia tatu, yaani mwili, ubongo na mwenendo. Waliozimudu njia zote tatu ni wachache, na orodha yao, iliyoandaliwa na mmoja wao, ina jina moja. Jina hilo linasitiriwa hapa kwa sababu ya unyenyekevu, ambao ni sifa yake ya nne, baada ya ufasaha, sura na kumbukumbu. Itatosha kumwita Bingwa, kama anavyojiita mwenyewe.

Bingwa ni mkazi wa Malvern, kaskazini-mashariki mwa Toronto. Kuhusu shahada zake vitabu vinatofautiana, ingawa vyote kaviandika yeye. Muhadhara wake mkuu ulitolewa mwezi wa Januari katika chumba kidogo cha mikutano, mbele ya Waswahili wa mtaa na majirani zao. Chumba kilijaa. Bingwa aliliona jambo hilo kuwa dalili ya kiu ya elimu. Nje ilikuwa nyuzi 10 chini ya sifuri, na ndani palikuwa na chai ya bure.

Kwanza, mwili. Kipimajoto hupima hewa, lakini ngozi husikia kasi ya joto linavyoiponyoka. Upepo huupeperusha utando mwembamba wa hewa vuguvugu unaoizunguka ngozi, hivyo nyuzi 10 chini ya sifuri, zikisukumwa na upepo wa kilomita 30 kwa saa, huuma uso kama nyuzi 20 chini ya sifuri katika siku tulivu. Kanada huitangaza namba hiyo ya pili bila alama ya nyuzi, kwa kuwa si joto la kitu chochote. Ni makadirio ya anachokisikia mtu. Kanuni inayotumika sasa ilianza mwaka 2001, baada ya majaribio yaliyofanyika Toronto kwenyewe. Watu 12 wa kujitolea, wanawake 6 na wanaume 6, walitembea ndani ya handaki la upepo baridi wakiwa wamebandikwa vihisi usoni. Maabara ilikuwa upande wa magharibi wa Barabara ya Sheppard, ileile ambayo upande wake wa mashariki hupita Malvern.

Msimamo wa Bingwa ni kwamba majaribio hayo yalikuwa upotevu wa nauli. Baridi, kwa mujibu wake, ni udhaifu wa nia, na mtu aliyelelewa vizuri Tabora haisikii. Kauli hiyo aliitoa akiwa ndani ya makoti mawili na glavu nene, ambazo zilimzuia kufunua ukurasa wa pili wa hotuba, kwa hiyo ukurasa wa kwanza ulisomwa mara mbili. Hakuna aliyelalamika, maana hakuna aliyegundua.

Pilipili ni somo la pili la mwili. Mwaka 1997 maabara ya David Julius, huko California, iliitambua protini iliyomo katika ncha za mishipa ya fahamu ambayo hufunguka joto linapofika takriban nyuzi 43. Protini hiyohiyo hufunguliwa na kemikali ya pilipili, kapsaisini, na hapo ulimi hupeleka ubongoni habari za moto usiokuwepo. Julius alitunukiwa Nobeli mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Bingwa anasisitiza kwamba ugunduzi huo aliufanya yeye kabla yao, jikoni, ila kamati ya Stockholm haikuwa na anwani yake.

Wahenga walikwisha kuuliza: pilipili usiyoila yakuwashiani? Kwa kawaida huambiwa anayejiingiza katika yasiyomhusu, lakini hapa inaweza kusomwa hivi: hisia ni mali ya mwenye kuihisi, na mwingine hawezi kuikopa. Ili kuwasahihisha wahenga, Bingwa alitoa mfukoni pilipili mbuzi nyekundu, ya aina wanayoipenda Wajamaika wa Malvern, akatangaza kwamba maumivu ni taarifa tu na mwenye elimu anaweza kukataa kuipokea. Akaitafuna. Taarifa ilifika. Alipoita maji kwa ishara ya mkono, bibi mmoja wa Mombasa aliyekaa mstari wa mbele alimwambia, “Mwanangu, maji yatautembeza moto mdomo mzima. Kunywa maziwa.” Kisayansi bibi alikuwa sahihi: kapsaisini haiyeyuki vizuri kwenye maji, na protini za maziwa huisaidia kubanduka ulimini. Bingwa alikunywa maji, kwa sababu bibi hakuwa na shahada. Baadaye wasikilizaji walikubaliana kwamba hiyo ndiyo sehemu ya muhadhara iliyoeleweka zaidi.

Pili, ubongo. Wa mwanamume mzima huwa na wastani wa takriban gramu 1,400, na mwili ukipumzika hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake yote. Bingwa anashikilia kwamba wake ni mzito kupita kiasi, na ushahidi ni kofia zake. Ubongo wa Albert Einstein, ulipopimwa mwaka 1955, ulikuwa na gramu 1,230.

Jambo kubwa zaidi lililojulikana kuhusu ubongo na maelezo ya mtu juu yake mwenyewe lilitoka kwa wagonjwa wa kifafa kikali, waliokatwa lile daraja la neva linalounganisha nusu mbili za ubongo. Michael Gazzaniga na Joseph LeDoux walieleza mwaka 1978 jinsi walivyomwonyesha mgonjwa wa namna hiyo picha mbili kwa wakati mmoja. Nusu ya kushoto, yenye kusema, iliona mguu wa kuku. Nusu ya kulia iliona theluji. Alipoambiwa achague picha zinazolingana na alichokiona, mkono wa kulia ulionyesha kuku, wa kushoto ukaonyesha beleshi. Akaulizwa, beleshi la nini? Nusu yenye kusema haikuwa imeiona theluji, wala haikusema haijui. Ilijibu bila kusita kwamba beleshi ni la kusafishia banda la kuku. Hivyo ndivyo kinywa kinavyoweza kuwa cha mwisho kupata habari na cha kwanza kuzitangaza.

Bingwa pia ana beleshi. Majira yote ya theluji lilisimama mlangoni, huku njia ya nyumba yake ikisafishwa na jirani, mzee wa Kitamili anayemzidi umri. Akiulizwa, Bingwa hutoa sababu: mgongo, heshima kwa maumbile, na haja ya wazee kufanya mazoezi. Sababu zote hutolewa kwa ufasaha na kwa mpangilio tofauti kila wiki.

Kumbukumbu nayo ina mfano wa hapohapo Toronto. Mgonjwa aliyejulikana kama K.C. aliumia ubongo katika ajali ya pikipiki mwaka 1981, na Endel Tulving wa Chuo Kikuu cha Toronto akamchunguza kwa miaka mingi. K.C. alijua mambo ya dunia na aliweza kucheza chesi, lakini hakuweza kulikumbuka tukio hata moja la maisha yake kama mtu aliyekuwepo. Akiulizwa atafanya nini kesho, alisema hapo pako patupu. Kumbukumbu ya Bingwa haina mahali patupu. Anakumbuka vizuri alivyomshauri Tulving kuhusu andiko lake maarufu la mwaka 1972, wakati ambapo Bingwa alikuwa darasa la pili.

Tatu, mwenendo. Mwaka 1914 daktari Joseph Babinski wa Paris alieleza habari za wagonjwa waliopooza upande wa kushoto na wasijue. Mgonjwa wa aina hii akiambiwa ainue mkono uliopooza, anaweza kusema ameuinua, au kwamba amechoka, au kwamba hana haja. Hadanganyi; sehemu ya ubongo ambayo ingemjulisha kasoro hiyo ndiyo iliyoharibika. Bingwa aliipita sehemu hii haraka, akieleza kwamba kwa bahati mbaya hakuwa na mfano hai wa kuwaonyesha wasikilizaji.

Linabaki swali la jinsi nyama ya ubongo inavyozaa hisia. Mwaka 1998 mwanasayansi Christof Koch aliwekeana dau na mwanafalsafa David Chalmers kwamba ndani ya miaka 25 jibu litakuwa limepatikana. Mwaka 2023 Koch alikubali hadharani kwamba ameshindwa, akamkabidhi mwenzake mvinyo. Mzee mmoja alimuuliza Bingwa swali hilohilo mwishoni mwa muhadhara. Bingwa alilijibu papo hapo. Jibu lilimaliza chai yote, na sehemu yake kubwa ilihusu safari yake ya kwanza kwenda Ottawa.